Kichujio cha TED 4-70: GPS inapokatika kila ukiongea na mnara

Habari zenu jamani, karibuni tena hangani. Hebu nikisogeze karibu na kamera mkione. Kidogo hivi, kinaenea kiganjani. Hiki ni kichujio, TED 4-70, na kinafungwa kwenye waya wa antena ya redio ya VHF, ile ya kuongelea na mnara wa kuongozea ndege. Nimesema ya redio, sio ya GPS. Subirini, mtaelewa kwa nini.

Ndege yangu mnaijua, RV-9A, nimeijenga kwa mikono yangu. GPS yake ilianza kukatika. Inapotea sekunde kumi, ishirini, halafu inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Huku Texas magharibi jambo la kwanza ni kusoma NOTAM, yale matangazo ya tahadhari kwa marubani, maana jirani zetu wa White Sands, uwanja wa majaribio wa jeshi huko New Mexico, hufanya majaribio ya kuvuruga GPS na hutangaza mapema. Siku zile hapakuwa na tangazo. Nikatikisa waya, nikakaza viungio, nikapima umeme unaopanda kwenye antena ya GPS: upo. Antena yenyewe imekaa chini ya kifuniko cha injini, na kifuniko hicho ni faibaglasi, mawimbi yanapita. Kingekuwa cha kaboni, ningeanzia hapo.

Kilichonisaidia ni kalamu. Kila ilipokatika niliandika nilikuwa nafanya nini. Mara sita ilikatika, na mara tano kati ya hizo nilikuwa nimebonyeza kitufe, naongea na mnara.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Satelaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200. Mawimbi yake yakitufikia yamechoka kabisa, na kipokezi kinayasikiliza kwenye megahezi 1,575.42. Redio yako iko nusu mita tu, ina wati kadhaa, na haitoi masafa uliyochagua peke yake, inatoa pia vizidisho vyake, mafundi wanaviita haimoniki. Chukua masafa ya redio ya megahezi 121.2, zidisha mara 13: unapata 1,575.6. Chukua 131.25, zidisha mara 12: 1,575 kamili. Umeona inapoangukia? Ni mtu anakunong'oneza kutoka ng'ambo ya bonde na mwingine anapiga zumari sikioni mwako.

Jaribio lake halina gharama. Toa ndege nje, mbingu iwe wazi, subiri GPS ishike satelaiti za kutosha. Weka redio kwenye 121.150, kisha 121.175, 121.200, halafu 131.250, 131.275 na 131.300. Sikiliza kwanza kama kuna mtu anaongea, usimwingilie. Kisha bonyeza kitufe kwa sekunde 35 kwenye kila masafa, macho kwenye ukurasa wa satelaiti. Mimi kwenye 121.2 vile vijiti vya nguvu ya mawimbi vilianguka vyote, kimoja baada ya kingine. Nilikuwa nimeshaweka antena mpya ya GPS kwenye kikapu cha kununulia. Nikaitoa.

Basi kichujio. Kinazuia masafa ya GPS yasitoke kupitia antena ya redio, huku sauti yako ikipita kama kawaida. Nilikifunga nyuma ya redio, nikarudia jaribio lilelile: vijiti vimetulia, na mnara wanasema wananisikia vizuri. Kwa kazi hiyo nakipa alama zote.

Lakini si dawa ya kila kitu. Kwanza, kinakuongezea viungio viwili kwenye waya wako, na kiungio kilichobanwa vibaya ni ugonjwa mpya. Nyuma ya dashibodi yangu ilibidi nihamishe nyaya tatu ili kipate pa kukaa. Pili, kelele ikitoka kwingine, hakina habari nayo. Mnakumbuka ile mara ya sita? Nilikuwa kimya, siongei na mtu. Nikazima kifaa kimoja kimoja, nikavuta fyuzi ya chaja ya simu niliyoifunga karibu na waya wa GPS, na vijiti vikapanda palepale. Chaja za aina hii hushusha umeme kwa kuuwasha na kuuzima kwa kasi sana, na ile ya bei rahisi isiyokingwa humwaga kelele kila upande. Nimeing'oa. Kamera ndogo unazobandika kwenye kioo nazo zichunguzeni hivyohivyo.

Kuna mmoja aliniuliza: amefunga kichujio na bado inakatika akiongea. Kaka, chomoa waya wa antena ya ELT, kile kifaa cha ishara ya dharura, ndege ikiwa chini, urudie jaribio. ELT nyingine huyapokea mawimbi ya redio yako na kuyarusha upya yakiwa na haimoniki zake. Tatizo likiondoka, umempata mwizi. Ila urudishe waya kabla hujaruka, tafadhali sana.

Ukishajaribu, niandikie hapo chini ni masafa gani yalikuangushia vijiti na antena zako ziko umbali gani.