TAHADHARI kwa wenye punda: huyu muuza "unga wa nguvu" ni muuaji

Wenye punda wa Lamu na kokote mliko, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna jamaa anazunguka kwenye makundi ya mifugo ya WhatsApp na unga wake anaouita wa nguvu. Picha zote ni za ng'ombe wanene na mabeberu yanayong'aa. Mimi ameniulia punda, yule yule mnayemjua, wa kupandisha saruji kutoka gatini. Wanaonicheka pale barazani wacheke, ila wasome mpaka mwisho.

Nilimpigia simu mwenyewe, nikamuuliza waziwazi: punda anakula hii? Akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Bwana, ng'ombe wa maziwa wanakula hii kila siku, itamshinda punda?" Kipimo je? "Kijiko cha chai kwenye pumba, asubuhi na jioni." Hakusita hata kidogo. Mtu anayejibu hivyo utamshuku kwa lipi? Tena shemeji yangu kule Mpeketoni ng'ombe wake walipewa kitu cha namna hii wakanenepa kweli, nimewaona kwa macho yangu.

Mzigo ulikuja kwa basi: kopo la maziwa ya unga lililobanduliwa karatasi, juu limeandikwa NGUVU kwa kalamu nene. Ndani chembechembe za hudhurungi. Nikamchanganyia. Alinusa, akala kidogo, akasusa. Nikampigia tena yule mwizi, akaniambia, "Mtilie sukari, atazoea." Nikatia sukari. Akalamba karai lote mpaka likang'aa, nami nimesimama pale namsifu!

Alfajiri nilimkuta amelowa jasho, miguu ya nyuma inacheza, moyo unaonekana ukigonga mbavuni. Alikojoa mkojo mweusi kama kahawa. Adhuhuri haikumkuta.

Daktari alipompasua, moyo ulikuwa umepauka kwa michirizi. Baadaye tukapata kwa mnunuzi mwingine mfuko wa asili, lebo ingali juu yake: monensini, asilimia 20. Hiyo ni dawa ya kuzuia koksidia, vile vimelea vya utumbo, kwa kuku, na ng'ombe hutiliwa kwa vipimo vidogo sana ili ibadilishe bakteria wa tumboni, chakula kile kile kimpe nishati zaidi. Punda hana tumbo la kucheua. Kwake haiongezi nguvu yoyote, inaimaliza.

Alivyonieleza daktari, dawa hii huingia kwenye utando wa seli na kuivusha sodiamu ndani. Pampu za seli hukesha zikiitoa, na kazi hiyo inakula ATP, nishati ile ile ambayo msuli unahitaji ili uvute. Kalisiamu nayo inafurika nyuma yake. Mitokondria, ambazo ndizo zinazotengeneza ATP, zikijaa kalisiamu zinakwama. Hapo matumizi yamepanda na mtengenezaji amelala. Msuli usiopumzika ndio unaoumia kwanza, na moyo haupumziki. Ule mkojo mweusi ni rangi ya misuli iliyokufa ikipitia kwenye figo.

Kuku anahitaji kama miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake ndipo ifikie kiwango cha kuua. Ng'ombe zaidi ya 20. Farasi 2 au 3 tu, na punda ni ukoo wake. Piga hesabu: punda wa kilo 150, miligramu 300. Kwenye unga wa asilimia 20 hiyo ni gramu 1.5. Kijiko cha chai hata hakijajaa! Na dawa ya kuiondoa mwilini haipo.

Nilipompigia yule muuzaji kumwambia, eti "labda alikuwa mgonjwa tangu zamani." Kisha akanifungia. Mtu huyu hafai kutozwa faini akaenda zake. Afungwe, na kabla ya kufungwa atiwe tandiko apandishe mifuko ya saruji yeye mwenyewe kutoka gatini juani, tuone nguvu zake. Wakaguzi wa dawa za mifugo wako wapi? Duka likiuza panadoli iliyopitwa na muda wanafika, huyu anagawa sumu kwenye makopo ya maziwa na hawamwoni.

Mkitumiwa kitu kisicho na lebo, kipimo kimoja kwa kila mnyama, risiti hakuna, rudisheni. Mkiona monensini, au salinomisini na lasalosidi ambazo ni dawa za jamii hiyo hiyo, punda asizisogelee, wala mbwa, na wafuga kanga pia muulize kwanza. Chakula cha kuku nacho kiwekeni mbali na karai la punda.

Nambari anabadilisha kila mara, kwa hiyo mtambueni kwa picha ya wasifu: fahali mweusi mwenye shada shingoni. Kopo langu ninalo. Aliyenunua kwake asitupe lake, aniandikie faragha, tuyapeleke yote polisi kwa pamoja.