Kadeti wa ziwa hapa Goma: yale niliona ndani ya jile ya mutoto wangu

Mutu akiniuliza leo kama aandikishe mutoto wake ku kile kikundi cha kadeti wa ziwa, kile cha wababa na vijana wa kujitolea wanafundishaka watoto mambo ya maji kila Jumamosi upande wa Himbi, nitamujibu hapana. Hapana kabisa. Na wiki chache nyuma ningemujibu ndiyo, tena ningemusindikiza mimi mwenyewe.

Niko fundi wa kushona, mashini yangu iko Birere, na binti yangu wa miaka 9 alianza kule mwanzoni mwa mwaka. Mambo ya pesa na yunifomu mutauliza wenyewe, mimi nataka kuongea jile, ile koti ya kuelea mutoto anavaaka mu maji.

Ile Jumamosi mvua ilikuwa inatisha, nikabaki pale pwani nikingoja. Watoto wakatoka mu maji, wakapanga mustari, sifle (filimbi) ikalia, saluti, kitu cha kupendeza kabisa, roho yangu ilifurahi. Wangu akakimbia kunikumbatia na jile yake ingali kifuani. Nikamukaza hivi, maji ikatoka. Ilitoka ndani kabisa, ikanitiririka mikono mpaka ku viwiko, sawa vile unakamua kitambaa cha kupangusia nyumba. Nikamwambia vua. Uzito wake! Nikageuza nikaangalia mushono wa ubavu: ule wa kwanza ni uzi wa nailoni, wa mashini, mistari miwili, kisha mutu amefungua na akarudilia na mukono, na uzi wa pamba mweusi, ule tunashoneaka vifungo vya shati. Nikaingiza kidole. Sponji ya matela, ya godoro la kulalia. Ya njano, imekatwa na kisu.

Wazazi musidanganywe na rangi ya machungwa. Sponji ya kweli ya jile vitundu vyake vimefungwa kila kimoja na hewa yake, maji haipati njia. Ya matela vitundu vinafunguliana, njo maana ukimwaga chai ku kitanda inashuka mpaka chini. Mutoto ukimuvalisha hiyo, kwanza ataelea vizuri na wewe utapiga makofi, kisha jile itakunywa maji na itaanza kumuvuta. Na ule uzi wa pamba unaoza. Ziwa Kivu linafika karibu mita 480 kwenda chini! Na sisi watu wa Goma nani atatufundisha, Oktoba 2024 boti ya kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wamesimama bandarini wanaona kwa macho yao, makumi ya ndugu zetu wakaishia pale karibu hivyo.

Basi nikamufuata moniteri, mwalimu wao, kijana tu, ningeweza kumuzaa. Nikamwambia kwa upole, "Kijana yangu, hii jile imejazwa sponji ya matela, zingine ziko namna gani?" Akaniangalia toka kichwa mpaka ku miguu, watoto wote wanasikiliza, wangu anatetemeka na baridi, akanijibu: "Mama, hapa tunajitolea, hakuna mwenye kutulipa. Kama haikufurahishe, beba mutoto wako." Akapuliza sifle yake akaendelea.

Tunajitolea! Hilo neno sikulala nalo. Kwani maji inaulizaka kama mutu analipwa? Mudogo wangu anaishi Canada, kule wana kadeti wadogo wa Navy League, chama cha mambo ya bahari, watoto wa miaka 9 mpaka 12, na wale wanaowafundisha nao ni watu wa kujitolea, lakini wanachunguzwa kwanza kabla ya kupewa mutoto wa watu. Kujitolea ni kazi. Ukiichukua umeichukua.

Lakini nikisema yote ni mabaya nitakuwa mwongo, na hapa njo roho yangu inagawanyika. Kuna mzee mumoja pale, zamani alikuwa anavua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, yule ni baba wa kweli. Yeye njo alifundisha watoto mambo ya mazuku, ile hewa mubaya haina rangi inalalaka mu mashimo karibu na ziwa, kwamba ukiona mbuzi amelala shimoni usishuke kumutoa, ita mukubwa. Binti yangu alikuwa anaogopa hata beseni, leo anaelea mugongo anaimba. Anafunga fundo la kamba gizani. Anaamuka Jumamosi mbele yangu. Hayo nimuandikie nani kama si wao?

Tena yule mzee, siku mbili baadaye, nikamuona anaingia kwangu na mufuko ku kichwa. Jile 9. Hakusema maneno mingi, akakaa ku kile kiti cha wateja, akaniambia, "Mama, fungua zote." Nikafungua moja moja. Ine zilikuwa za matela. Ine! Mzee alishika ile sponji ya njano mukononi, anaikamua, anaiachilia, anaikamua tena, macho yake yamejaa machozi. Zile ine nilizikata vipande mbele yake ili mutu asizirudishe ku mwili wa mutoto. Zile tano nilirudilia mishono na uzi wa nailoni na nikabadilisha mikanda, pesa nilikatala. Sasa watoto wanaingia watano watano, wengine wanangoja pwani.

Kwa hiyo ile hapana ya juu sijui tena kama ni hapana. Kama wako anaenda, mupeleke, lakini chovya jile yake mu beseni usiku mzima, asubuhi ikamue mwenyewe, sponji ya ndani ikitoa maji usimuvalishe. Wangu bado niko naye nyumbani na ananinunia, hata ugali anakula ameangalia ukuta. Nitamurudisha. Lakini yule kijana aje kwanza aniombe musamaha, na anisemee mbele ya wale watoto, palepale alinijibia.