Spirometa nzuri, upimaji wa ovyo: uzoefu wangu Mtwara mjini

Nilipanga kuandika kwa upole, nimeshindwa. Kituo kipo Mtwara mjini, jina nalihifadhi. Spirometa, yaani mashine ya kupima pumzi, wanayo, tena mpya, inachapa mchoro papo hapo. Kwa sisi watu wa korosho tunaomeza vumbi la salfa kila msimu wa kupulizia, kupimwa pumzi bila kupanda basi la Dar ni jambo kubwa. Ndiyo maana nimeumia.

Nilipuliza mara moja. Moja tu!

Kipimo hiki kinategemea nguvu na utii wa anayepuliza, kwa hiyo pumzi moja haithibitishi kitu. Zinatakiwa tatu safi angalau, na mbili bora zisipishane zaidi ya mililita 150. Zikipishana, mtu anapumzika kidogo na kurudia, hata mara ya nane. Na pumzi safi ni hivi: umekaa wima, miguu sakafuni, pua imebanwa kwa kibanio, unavuta hewa mpaka kifua kinagoma, unafunga midomo kuzunguka mrija, unaitoa kwa kishindo bila kusita, halafu unaendelea kutoa mpaka iishe. Sekunde 6 ni kawaida, na mwenye njia zilizobana huenda mbali zaidi ya hapo. Kazi ya mpimaji ni kukupigia kelele: "Toa, toa, endelea, endelea!" Huyu dada wa zamu ya asubuhi alikuwa na simu mkononi. Sekunde ya pili akasema, "Basi, imetosha." Kibanio cha pua kilikuwa mezani, kwenye mfuko wake, hakijafunguliwa.

Karatasi ilitoka na mstari ulioshuka wima kama ukuta. Mstari mzuri hupanda ghafla hadi kilele, kisha hushuka taratibu mpaka chini. Ukuta maana yake pumzi imekatwa njiani. Hewa ya sekunde ya kwanza lita 2.2, jumla lita 2.6. Gawanya ya kwanza kwa jumla, unapata uwiano: 0.85. Chini yake akaandika kwa kalamu, "Njia za hewa nzima, mapafu madogo."

Hapo ndipo hasira ilipopanda. Ukikata pumzi mapema, jumla inapungua lakini ile ya sekunde ya kwanza inabaki palepale, kwa hiyo uwiano unapanda na mtu aliyebanwa anaonekana mzima. Na hayo "mapafu madogo" spirometa haiwezi kuyathibitisha peke yake! Hata upulize mpaka machozi yatoke, kama lita moja na ushee hubaki kifuani, na mashine hii haiioni. Kuipata hiyo kunahitaji gesi ya heliamu au kile kibanda kinachofungwa mtu akiwa ndani.

Nikamwambia, "Dada yangu, naomba nirudie." Akajibu bila kuinua uso, "Kaka, mashine haidanganyi. Mwingine!"

Mashine inadanganya, dada. Kwenye skrini joto la chumba liliwekwa nyuzi 22. Chumba hicho hakina kiyoyozi, feni moja inazungusha joto lilelile la pwani, lisilopungua nyuzi 30. Hewa ya kifuani ina nyuzi 37, na mashine hufanya hesabu ya kuirudisha kwenye joto hilo. Ukiidanganya 22, inakuongezea karibu asilimia 4. Urefu nao aliniuliza kwa mdomo, wakati makadirio ya kawaida ya mtu hutoka kwenye umri, jinsia na urefu uliopimwa bila viatu.

Hadi hapo nilikuwa nawaambia msiende kabisa. Lakini nilirudi mchana kudai pesa yangu, nikamkuta baba mmoja wa makamo. Shikamoo, marahaba, akatazama ile karatasi, akatikisa kichwa. Akatoa kabatini bomba la lita 3 la kuhakikia usahihi wa mashine, akalisukuma mara tatu: haraka, wastani, polepole. Inatakiwa isome kati ya 2.91 na 3.09, ilisoma 2.98. Akarekebisha joto, akanivua viatu akanipima, akanibana pua. Pumzi tatu, jumla kwa lita: 3.40, 3.36, 3.31. Sekunde ya kwanza 2.1. Uwiano 0.62, chini ya mpaka wa 0.70. Njia zimebana, si mapafu madogo! Akanipa salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, mipulizo 4 kupitia chemba ya plastiki, akaweka saa dakika 15, tukarudia. Hakunidai hata senti.

Kwa hiyo mashine ni nzima, na mchana nawapa nyota tano. Asubuhi siwapi hata nusu, kwa sababu kuna watu wamerudi Tandahimba na Newala na karatasi kama ile yangu ya kwanza, wanaambiwa njia zao nzima na wanaendelea kupuliza salfa bila barakoa. Nikikumbuka hilo, hata tano za mchana naona nimezitoa kwa huruma.

Ukienda, kabla hujalipa uliza, "Bomba la lita 3 mmelipitisha leo?" Akikuuliza bomba gani, subiri saa nane.