Chetezo gani ununue ukiwa Mwanza

Aliyewahi kukaanga dagaa ndani ya chumba na sebule haulizi kwa nini watu wa hapa wanapenda kufukiza. Harufu ile inajishika kwenye mapazia, mpaka mgeni akibisha hodi unaona aibu kufungua. Ubani kidogo, au udi kama mkono umekaa vizuri, na nyumba inarudi kuwa nyumba. Wengine wanafukiza kila Ijumaa, wengine mtoto mchanga akifika nyumbani. Ubani wenyewe hauna neno. Neno liko kwenye kaa la moto unaloliweka katikati ya kapeti, pazia na chandarua.

Mimi lilinifundisha kapeti. Chetezo changu cha kwanza kilikuwa cha bati lililopakwa rangi ya dhahabu, miguu mitatu myembamba kama ya kuku. "Chukua hiki dada, kinapendeza," kijana akaniambia, na kweli kilipendeza. Siku ya tatu mtoto wa dada yangu akapita anakimbiza mpira, kaa likadondoka, na nilipofika na kopo la maji pakawa na tundu la ukubwa wa kizibo cha soda. Mpaka leo nimelifunika kwa stuli.

Tangu hapo, popote ninaponunua, iwe Makoroboi au kwenye maduka ya ubani karibu na misikiti, nakiweka chetezo mezani na kukisukuma ukingoni kwa kidole kimoja. Kikicheza, nakirudisha. Uzuri baadaye.

Namba moja ni cha udongo, chenye kitako kipana. Ni kizito, na udongo haupitishi joto haraka kama bati au shaba, kwa hiyo hata meza yako inapona. Tafuta chenye kuta nene na kina cha kutosha: ukishatia mchanga vidole viwili, kaa libaki chini ya ukingo, lisichungulie nje. Kigonge kwa ukucha. Kizima kinalia, chenye ufa kinajibu kwa sauti kavu, iliyokufa. Muuzaji akikasirika unapogonga, hamia meza nyingine.

Mchanga tunao ufukweni, lakini mchanga wa ziwani usiutie ukiwa mbichi. Uanike juani siku nzima, au ukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka uteleze vidoleni. Jirani yangu hakuwa na subira. Aliumimina na unyevu wake, akaweka kaa juu, maji yakageuka mvuke, na chetezo kikapasuka pah! mbele ya wakwe.

Namba mbili ni cha umeme. Kwa nyumba yenye watoto wadogo ningekipandisha kiwe cha kwanza, kwa kuwa hakuna kaa la kudondoka. Ila angalia plagi. Vingi vinakuja na pini mbili, na sisi tunajua tunavyofanya: kijiti kwenye tundu la juu, plagi inaingizwa kwa nguvu. Acha. Nunua adapta nzuri. Chagua kinachojizima chenyewe baada ya muda, maana umeme ukikatika unasahau kuchomoa, unatoka zako kwenda kazini, na umeme unarudi kabla yako. Na ubani unayeyuka na kuganda kama gundi, kwa hiyo tandika kipande cha foili kwenye sahani yake.

Cha shaba nakiweka cha tatu. Ni urembo wa sebuleni na kinadumu, lakini mwili wote unashika moto. Ukikitaka, kiwe na mkono wa mbao, ukijaze mchanga na ukiweke juu ya kigae. Cha bati chenye miguu mirefu nimeshakisema. Mfuniko wa kopo la rangi sitaupanga hata mkiani.

Ukishalipa, bado kuna makaa na koleo. Koleo si anasa. Vidole na kaa havijuani. Makaa yale ya duara yametiwa dawa ya kuyafanya yashike moto upesi, ndiyo maana yanarusha cheche mwanzoni. Yawashie nje, subiri yavae majivu ya kijivu, ndipo uingie nayo na uweke ubani. Yahifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, kwa sababu yakinyonya unyevu wa masika yanakataa kuwaka. Mimi natumia mkaa wa kawaida wa jikoni, kipande kama dole gumba, kilichoiva chekundu chote. Ni nafuu, na tayari uko ndani.

Makaa ya aina yoyote yanatoa kaboni monoksaidi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu; hata ubani ukizima hutaijua. Dirisha liwe wazi, chetezo kikae mbali na pazia, maana upepo wa ziwani mchana haubishi hodi. Mwenye pumu atoke kwanza, moshi ukipungua arudi. Na usilale nacho chumbani, hata kama kaa linaonekana limekwisha.

Majivu yanadanganya. Juu baridi, ndani jekundu. Langu nalishika kwa koleo, nalizamisha kwenye kopo la maji nje ya mlango, nasubiri liache kulia, ndiyo naenda kulala.