Magunia yangu matatu kituo cha vijana

Baada ya kuvuna nilipeleka magunia matatu ya mahindi na debe la maharage kwenye kituo kinacholea vijana huku kwetu Kilolo. Mapokezi yao nimeyapenda sana. Kijana wa stoo aliniambia "Shikamoo mama", akachoma bambo (kile chuma cha kutolea sampuli ya nafaka) kila gunia, akamwaga punje kiganjani na kung'ata moja. Gunia la tatu kipimo kikasoma unyevu asilimia 15, wakati mwisho ni 13.5. Akalikataa kwa heshima, akihofia sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Nilifurahi kweli, maana ugali ule wanakula watoto wa watu! Tukalianika kwenye turubai siku mbili, wakalipokea. Risiti tu ndiyo ilichelewa wiki nzima, na bodaboda unalipa mwenyewe. Msimu ujao nawapelekea na viazi.