Boti ya faiba kwa familia: futi 14 au futi 18?

Ukitafuta boti ndogo ya faiba iliyotumika hapa Dar, mara nyingi utajikuta umebaki na mbili. Moja ni ya futi 14, tumbo bapa, injini ya HP 15 (nguvu farasi 15) unayoiongoza kwa mkono. Nyingine ni ya futi 18, tumbo la V, usukani katikati na injini ya HP 40. Kwa familia inayotaka kwenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo na watoto, ya futi 18 naiweka ya kwanza bila kusita, na sababu yangu ni safari ya kurudi.

Asubuhi bahari ya Kunduchi imelala, chombo chochote kitakufikisha Mbudya ukiwa mkavu. Ikifika saa nane mchana upepo umeshaamka, na msimu wa kusi mawimbi huja mafupi mafupi, yakifuatana. Tumbo bapa halikati wimbi, linaliangukia. Nimewahi kurudi hivyo na wanangu. Mdogo alikuwa amekaa omo, mbele ya boti, nikamwona ananyanyuka kwenye kibao na kutua, ananyanyuka na kutua, mikono yote miwili imeng'ang'ania ukingo. Hakuachia mpaka tulipogusa mchanga. Tumbo la V hulipasua wimbi na kulitupa pembeni. Utarushiwa maji, lakini mtoto atabaki amekaa.

Halafu kuna idadi ya watu. Walinzi wa pwani wa Marekani wana hesabu rahisi kwa boti ndogo: zidisha urefu kwa upana, kwa futi, kisha gawanya kwa 15. Futi 14 kwa 5 inakupa watu wanne. Futi 18 kwa 7 inakupa wanane. Hiyo ni kwa bahari iliyotulia, tena bado hujapakia deli la barafu, nanga na madumu ya mafuta. Baba, mama, watoto watatu na shangazi yao tayari wameizidi ile ndogo.

Mafuta ndiyo yatakayokuuma. HP 40 ukiifungulia yote inakunywa lita 15 au zaidi kwa saa, wakati HP 15 inakwenda na lita 6 hivi. Kwa yoyote utakayochukua, theluthi ya mafuta ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi.

Ya futi 14 ina mahali pake. Maji yakikupwa na kukuacha juu ya mchanga, watu watatu wanaisukuma. Ile kubwa utaisubiri mpaka maji yajae. Ile ndogo ikitia nanga haiyumbi sana kama ya V. Kama matembezi yenu ni ya mikokoni na ghubani, asubuhi tu, watu watatu au wanne, inatosha.

Sasa ukaguzi, maana boti nzuri iliyooza ni mbaya kuliko zote. Chukua mpini wa bisibisi ugonge kibao cha nyuma kinachobeba injini, kidogo kidogo, kutoka pembe hadi pembe. Faiba nzima inalia kavu: ko, ko, ko. Sauti ikizama na kuwa bu, mbao ya ndani imeoza au matabaka yameachana. Kisha mtu aishike injini kwa chini, aivute na kuisukuma, wewe ukiwa umeweka kidole kwenye boliti. Ukisikia ubao unacheza, usiendelee na bei. Rangi mpya nayo iogope, hasa kwenye tumbo, kwa sababu malengelenge ya faiba iliyonyonya maji hufichwa hapo. Injini ikiwaka, tazama kile kitundu cha maji ya kupoza: yatoke kwa nguvu, mfululizo. Omba pia karatasi za usajili na cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla hujatoa hata shilingi. Majaketi ya watoto nunua mapya, yenye mkanda unaopita katikati ya miguu, la sivyo mtoto akianguka majini jaketi litapanda na yeye atashuka.

Mwisho, ijaribu baharini, na muuzaji awemo. Pakia madumu 15 ya maji ya lita 20, kilo 300, ndiyo familia yako hiyo. Na msitoke asubuhi. Tokeni saa tisa alasiri, mrudi mkikabili upepo.