Uzoefu wangu: FreeCAD na BESO kwa mkono wa chekeche

Naunda mashine za kupepeta mahindi Kisumu, upande wa Kibuye. Kipande kilichonisumbua ni mkono unaounganisha krenki na chekeche. Umepinda ili ukwepe puli, na krenki ikizunguka mara 300 kwa dakika, chekeche hugeuza mwelekeo mara 600. Mteja wa Njoro alitaka krenki izunguke mara 420. Nguvu za kugeuza mwelekeo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo karibu zingeongezeka maradufu. Kuongeza chuma nako ni kuongeza uzito unaorushwa.

Nikajaribu FreeCAD, programu ya bure ya kuchora vipande kwa kompyuta, pamoja na nyongeza yake ya BESO, inayotafuta umbo la kipande lenye chuma kidogo. Unachora kipande kizima, unaonyesha matundu ya beringi yasiguswe, unaweka nguvu, kisha unasema ubakiwe na chuma kiasi gani. CalculiX, programu ya hesabu za nguvu, inakokotoa mkazo katika kila kijipande kidogo ambamo umbo limegawanywa. BESO inatoa vyenye mkazo mdogo, inarudisha vinavyohitajika, kisha hesabu inaanza tena. Kwa kompyuta yangu ilichukua dakika 40, nami sikubanduka. Katikati palifunguka tundu, likapanuka, hadi zikabaki kingo mbili nene zilizoshikwa na vijiti vya mshazari, kama kenchi za paa. Mimi ningeuchonga mkono ule ukonde sawasawa kote.

Mkono wa kwanza nilioutengeneza hivyo ulipata ufa siku ya tisa, kwenye kona karibu na tundu la beringi. Kosa lilikuwa langu. Niliweka nguvu ya krenki ikiwa mwisho wa safari tu, nikasahau kwamba ikifika kati, mkono umelala upande na uzito wake wenyewe unaupinda. Kipande kinachotembea hakina hali moja. Niliporudia kwa hali nne za krenki, vijiti viliongezeka unene karibu na kona ileile. Mafundi wenzangu, hapo ndipo pa kutumia muda wenu, si kwenye rangi za picha za mkazo kwenye skrini.

Umbo linalotoka lina vipembevipembe, halikatiki hivyo lilivyo. Nililichora upya kwa matao, nikakata bamba la milimita 12 kwa plasma na kupiga tupa kingo zote. Uzito ulishuka kutoka kilo 2.1 hadi 1.4.

Mashine ya Njoro sasa inaenda 420, na mwenyewe haniiti tena kukaza bolti za msingi kila Jumamosi. Wiki hii naanza kusawazisha uzito wa krenki.